Cherehe ya Kale Haiuzwi kwa Kilo

Katika nyumba nyingi za pwani yetu kuna banda, ghala au pembe ya ua ambamo vimehifadhiwa vyombo vya kazi vya mzee aliyekuwa fundi: seremala, mhunzi, fundi wa magari au muundaji wa majahazi. Mzee anapostaafu au anapofariki, vyombo hivyo hubaki mikononi mwa mjane na watoto ambao hawakupata kuvitumia. Haupiti muda mrefu kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu kubisha hodi na mizani yake. Misumeno, nyundo na jiliwa hupakiwa mkokotenini, na pamoja navyo huondoka chombo kimoja kizito chenye mawe mawili ya mviringo, kilichokuwa kimefungwa mezani kwa bolti. Chombo hicho ndicho tunachotaka kukizungumzia wiki hii.

Jina lake ni cherehe ya umeme, ingawa mafundi wengi wa leo huiita grinda ya mezani. Umbo lake ni jepesi kueleweka. Katikati ipo mota, na mhimili wa mota hiyo hutokeza pande zote mbili, kila ncha ikiwa imebeba jiwe la kunolea. Kwa chombo hiki hunolewa mapanga, mashoka, patasi, tezo, visu vya bucha, na hata ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi. Akina mama wanaoijua vyema cherehani hawatapata taabu kuielewa cherehe, kwani zote mbili ni mashine ambazo zikitunzwa hudumu kizazi baada ya kizazi, na zikiharibika hutengenezeka.

Hoja yetu ni moja. Thamani ya cherehe ya kale haimo katika uzito wake, wala haimo katika umri wake peke yake. Imo katika uzima uliobaki ndani yake, ukilinganishwa na gharama ya kuirejesha kazini. Mambo haya mawili yanaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye macho, masikio, kalamu na subira. Asiyeyapima huuza gizani, na anunuaye gizani naye huweza kujitwika mzigo wa chuma usiokuwa na faida.

Kwa nini za kale hutafutwa

Cherehe nyingi zilizotengenezwa Uingereza na Marekani katikati ya karne ya 20 zilikusudiwa karakana za kazi ya kutwa. Miili yake ni ya chuma cha kusubu, kizito na kinene, ambacho hupunguza mtetemo na kuifanya mashine itulie mezani. Ndani yake mna nyaya za shaba zilizozungushwa kwa wingi, na beringi zake huweza kung'olewa na kuwekwa nyingine. Cherehe nyingi za bei ya chini zinazouzwa leo zina mota ndogo na viegemeo vya bati jembamba. Baadhi yake zimeandikwa S2 30 min kwenye bamba la maelezo, maana yake mota ifanye kazi kwa dakika 30 kisha ipumzishwe ipoe. Cherehe ya karakana ya zamani mara nyingi huandikwa CONT, yaani imeundwa kufanya kazi mfululizo.

Majina ya viwanda nayo yana uzito wake sokoni. Baldor, kwa mfano, ni kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1920 katika mji wa St. Louis, Marekani, na jina lake limeunganishwa kutokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Ballman na Doerr. Cherehe zake za zamani husifiwa sana na wapenzi wa vyombo vya kale. Hata hivyo jina lisitupumbaze. Black & Decker, iliyoanzishwa mwaka 1910 mjini Baltimore, imetengeneza vyombo vizito vya karakana na pia vyombo vyepesi vya matumizi ya nyumbani, vyote kwa jina hilo hilo. Kwa hiyo jina hufungua mazungumzo tu, na hukumu hutolewa na ukaguzi.

Ukaguzi kabla ya umeme

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba plagi imechomolewa. Mashine iliyokaa miaka mingi bila kutumiwa haiwashwi ili kuona kama bado ni nzima. Hukaguliwa kwanza ikiwa imelala.

Anzeni na bamba la maelezo, kile kipande kidogo cha bati kilichopigiliwa ubavuni. Kisuguliwe taratibu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kamwe si kwa msasa, maana maandishi yakifutika sehemu ya thamani imefutika nayo. Tafuteni mambo manne: volti, Hz, idadi ya mizunguko kwa dakika, na nguvu ya mota. Umeme wa majumbani kwetu Kenya ni wa volti 240 na Hz 50. Cherehe iliyoandikwa hivyo, yenye fezi moja, itafanya kazi nyumbani bila matata. Iliyoandikwa volti 415 na fezi tatu ilitoka kiwandani au katika karakana kubwa. Hiyo si mbovu, bali mnunuzi wake ni mwenye karakana iliyounganishwa na umeme wa namna hiyo, na haifai kumtafutia mnunuzi mahali pengine.

Iliyoandikwa volti 115 na Hz 60 ni ya soko la Marekani. Itahitaji transfoma, mizunguko yake itapungua kwa takriban sehemu moja ya sita, na mota itaelekea kupata joto zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Jambo hili lawahusu pia wale wanaopokea mizigo ya ndugu zao walioko Ghuba. Oman na Falme za Kiarabu hutumia Hz 50 kama sisi, lakini Saudi Arabia hutumia Hz 60. Cherehe mbili zenye sura moja, zilizoteremshwa katika bandari moja, zaweza kuwa na thamani tofauti kwa sababu ya tarakimu hizo mbili tu.

Kisha zungusheni jiwe kwa mkono. Likizunguka kwa wepesi na ukimya, beringi huenda bado ni njema. Likikwaruza kama lililoingiwa na mchanga, beringi zimechoka. Hilo lisiwatie hofu, kwa sababu cherehe nyingi hutumia beringi za namba za kawaida, kama 6202 na 6203, ambazo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya pikipiki na magari. Shikeni ncha ya mhimili na mjaribu kuutikisa juu na chini. Ukicheza, ulizeni kwa nini. Ikiwa beringi pekee ndiyo iliyolika, dawa yake ni rahisi. Ikiwa mhimili wenyewe umelika pale beringi inapokaa, kazi hiyo ni ya fundi wa tono, na gharama yake hupanda. Na ikiwa mhimili umepinda, mnunuzi mwenye busara atahesabu mashine hiyo kuwa ya vipuri tu.

Angalieni mwili. Kutu ya juu juu ni desturi ya pwani, hewa yetu ina chumvi, na kutu hiyo huondoka kwa brashi ya waya na uvumilivu. Ufa katika chuma cha kusubu ni jambo jingine kabisa. Chuma hicho ni kigumu kuunganisha kwa kuchomelea, na ufa ulio karibu na makazi ya beringi au katika miguu huweza kuimaliza thamani yote. Tazameni pia kama vipo viungo vyake vyote: kinga mbili za mawe, viegemeo viwili vya kuwekea chombo kinachonolewa, na vioo vya kuzuia cheche. Viungo hivi ndivyo vinavyopotea kwanza, na kwa mashine za kale ni vigumu kuvipata vingine. Cherehe yenye kinga na viegemeo vyake vya asili huwa na bei kuliko pacha wake aliyevipoteza, hata ikiwa pacha huyo amepakwa rangi mpya inayong'aa.

Hapa tutoe tahadhari moja ambayo imeokoa mihimili mingi. Ukiikabili cherehe, nati ya upande wa kulia hulegea kama nati zote. Nati ya upande wa kushoto imekatwa kinyume, na hulegezwa kwa kuizungusha upande uendao mshale wa saa. Iliundwa hivyo ili isijifungue yenyewe jiwe linapozunguka. Kijana mwenye nguvu asiyelijua hili huikaza zaidi kwa kila jitihada yake, mpaka mhimili unaharibika na mali imepungua thamani kabla ya kufika sokoni.

Mawe yasihesabiwe

Mawe ya kunolea yaliyokuja na mashine ya kale yasihesabiwe katika bei. Jiwe la mviringo lenye upana wa inchi 8, likizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake huenda kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Likiwa na ufa usioonekana, linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa aliyesimama mbele yake. Mafundi hulipima kwa kulining'iniza juu ya kijiti na kuligonga taratibu kwa mpini wa mbao. Jiwe zima hutoa mlio safi kama wa bakuli la kauri. Jiwe lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Lakini hata jiwe lenye mlio safi, ikiwa halina maandishi ya kuonyesha kasi yake ya juu, ni heri kulitupa. Jiwe jipya linunuliwe likiwa limeandikwa mizunguko inayozidi ile ya mashine, na tundu lake lilingane na mhimili barabara. Mnunuzi na muuzaji wote wawili waitie bei ya mawe mapya katika hesabu zao tangu mwanzo.

Ukaguzi wa umeme

Sehemu hii mwachieni fundi wa umeme. Nyaya za zamani zilizofunikwa kwa mpira au kitambaa hukauka na kupasuka, nazo zibadilishwe bila kubishana. Fundi atapima kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya za mota kwenda kwenye mwili wa chuma, na kama waya wa ardhi umefungwa sawasawa. Mashine nzito ya chuma isiyo na waya wa ardhi, ndani ya nyumba yenye sakafu inayofuliwa na kupigwa deki kila siku, ni hatari isiyoweza kulipwa kwa bei yoyote.

Baada ya hapo ndipo mashine huwashwa, mawe yakiwa yameondolewa. Isikilizeni. Ikivuma tu bila kuanza kuzunguka, pengine ni kapasita au swichi ya kuanzishia, na hayo si magonjwa makubwa. Ikitoa moshi au harufu ya vanishi iliyoungua, nyaya za mota zimeungua na itahitaji kuzungushiwa upya shaba yote. Ikishika kasi vizuri, izimeni na mhesabu muda inaochukua hadi isimame. Mashine yenye beringi njema huendelea kuzunguka kwa utulivu kwa muda mrefu baada ya kuzimwa. Ile inayosimama mara moja huku ikikoroma ina kitu kinachoikwaza.

Hesabu yenyewe

Sasa tuufikie moyo wa jambo. Tuchukue mfano wa kubuni, na kila msomaji aweke bei halisi za mji wake mahali pa tarakimu zetu. Tuseme cherehe iliyokwisha kutengenezwa vizuri itauzika kwa shilingi 10,000. Beringi mbili ni 800, mawe mawili mapya ni 2,400, waya, plagi na swichi ni 700, rangi na brashi ni 600, na ujira wa fundi ni 1,500. Jumla ya gharama ni 6,000. Ukiitoa katika 10,000, zinabaki 4,000. Mnunuzi mwangalifu ataweka kando 1,000 kwa ajili ya kasoro zilizojificha. Kwa hiyo bei ya haki ya mashine hiyo, jinsi ilivyo kutuni na vumbini, ni karibu shilingi 3,000.

Sasa iwekeni mashine hiyo hiyo juu ya mizani. Ikiwa ina kilo 15, na chuma chakavu kinanunuliwa kwa shilingi 40 kwa kilo, familia itapewa 600. Tofauti ya 2,400 imekwenda na mkokoteni, na mara nyingi mwenye mkokoteni anajua vizuri anachobeba.

Geuzeni tena mfano huo. Tuseme mota imeungua na kuizungushia shaba upya ni 4,000. Gharama sasa ni 10,000, sawasawa na bei ya kuuzia, na hakuna kilichobaki. Mashine ya namna hiyo haina thamani ya kurejeshwa kwa biashara, hata kama jina lake ni kubwa. Inaweza kuuzwa kwa vipuri: kinga, viegemeo, swichi, bamba, na shaba iliyomo ndani. Au familia ikaamua kuitengeneza kwa sababu mikono ya baba ilifanya kazi hapo. Uamuzi huo una heshima yake, mradi waujue kuwa ni wa mapenzi, wala wasijidanganye kwamba ni wa faida.

Kwa wale wanaonunua, kwa mfano kijana anayeanza useremala au kikundi cha akina mama kinachotaka kutoa huduma ya kunoa visu na mikasi mtaani, hesabu ni ile ile ikisomwa kutoka upande wa pili. Linganisheni jumla ya bei na matengenezo na bei ya mashine mpya yenye nguvu sawa. Angalieni msidanganyike na tarakimu: nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, na mabamba ya kale huandika nguvu inayotoka kwenye mhimili, ilhali baadhi ya mashine mpya huandika umeme unaoingia. Nusu farasi ya zamani yaweza kufanya kazi kubwa kuliko wati nyingi zilizoandikwa juu ya boksi.

Amana ya muuzaji na haki ya warithi

Chombo cha marehemu ni mali ya mirathi, hata kikiwa kimejaa kutu. Si haki mtu mmoja akiuze kwa haraka ili banda lipate nafasi, ilhali mjane na watoto wadogo wana fungu lao ndani yake. Kiandikwe, kikaguliwe, kitiwe thamani na mtu asiyetaka kukinunua yeye mwenyewe, kisha ndipo kiuzwe au kihesabiwe katika fungu la mmoja wa warithi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye maelezo ya bamba, orodha ya viungo vilivyopo, hali ya beringi na maneno ya fundi wa umeme inatosha.

Muuzaji naye abainishe ila za mashine yake. Rangi mpya iliyopakwa juu ya ufa ni udanganyifu, na kwa chombo kinachozunguka kwa kasi hii udanganyifu huo waweza kugharimu jicho la mwenziwe. Ikiwa hatimaye imeamuliwa kuwa mashine ni chuma chakavu kweli, iuzwe kwa mfanyabiashara mwenye leseni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015.

Nyumbani, kazi ya kuirejesha ifanyiwe nje au penye hewa. Rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, kwa hiyo zisisuguliwe kavu karibu na watoto wala karibu na jiko. Mashine ikiisha kutengenezwa, kiegemeo kisogezwe hadi kibakishe nafasi isiyozidi milimita 3 kutoka kwenye jiwe, ili kisu kisivutwe ndani. Anayeitumia avae miwani ya kazi, na asimame pembeni kwa dakika ya kwanza baada ya kuiwasha. Leso, mtandio unaoning'inia na mikono mipana ya buibui vifungwe vyema au viwekwe kando, maana jiwe halichagui linachokishika.

Basi mwenye mizani akibisha hodi, mwombeni arudi baada ya siku tatu. Siku hizo zinatosha kusoma bamba, kuzungusha jiwe, kumwita fundi na kuandika hesabu. Akirudi mtakuwa na bei yenu, na mtazungumza naye mkiwa mnajua kilichomo bandani.